Dhamira Tatu: Nafsi, Nia na Sheria Isiyosema Wazi katika Utengano, Sauti ya Dhiki na Vuta N'kuvute

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna fasihi ya Kiswahili inavyomsawiri mtu anayelazimika kutenda wakati sheria, amri au desturi inayomhusu haisemi wazi. Kazi zilizochunguzwa ni tatu: riwaya ya Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, diwani ya Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, na riwaya ya Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi. Hoja kuu ni kwamba kazi hizi hazimsifu mtu kwa sababu tu amefuata alichoambiwa na nafsi yake. Zinamuuliza swali la ziada: gharama ya uamuzi huo ameibeba nani? Makala yanaonesha pia kwamba neno "dhamira", ambalo wahakiki wa Kiswahili hulitumia kila siku kwa maana ya wazo kuu la kazi ya fasihi, lina maana nyengine mbili zinazogusa mada hii moja kwa moja, na kwamba kuzisahau maana hizo kumeupunguzia uhakiki wetu nguvu.

1.0 Utangulizi

Mtafiti amezaliwa na kulelewa Wete, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, na bibi yake mzaa mama alikuwa mkunga wa jadi. Usiku mmoja bibi huyo aliitwa na mtoto mdogo aliyekuja peke yake na taa mkononi. Nyumba aliyoitiwa ilijulikana mtaani kuwa mwenyewe hapendi watu kuingia bila idhini yake, na mwenyewe usiku huo alikuwa safarini. Bibi alikwenda. Alipoulizwa baadaye kama hakuogopa, alijibu kwa maneno machache: "Uchungu haungoji ruhusa." Hakueleza zaidi. Miaka mingi baadaye, mtafiti aliposoma Utengano kwa ajili ya masomo ya uzamivu, aliikuta hali inayofanana na ile, na akagundua kwamba jibu la bibi, pamoja na uzuri wake, halitoshi. Makala haya yametokana na kutotosha huko.

Suala la mtu kufuata dhamiri yake pale sheria inapokosa uwazi si geni katika mji huu. Tarehe 27 Januari 2001, mjini Wete na kwengineko Pemba, askari waliwafyatulia risasi wananchi waliokuwa wakiandamana kudai katiba mpya na uchaguzi mwengine, na watu wakapoteza maisha. Maandamano yalikuwa yamepigwa marufuku na Serikali. Kwa upande wao, waandamanaji walisoma katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano haki ya kukutana na kutoa mawazo hadharani. Kwa hiyo palikuwapo kauli mbili, zote zikijiita sheria, na kila aliyekuwapo barabarani, mwenye bunduki na asiye nayo, alipaswa kuamua mwenyewe ni ipi inayomfunga. Muafaka uliotiwa saini mwezi wa Oktoba mwaka huo ulikuwa wa vyama viwili vya siasa. Swali la dhamiri ya mtu mmoja mmoja lilibaki nje ya hati hiyo, na pengine ilistahili libaki nje, kwa kuwa hati za aina hiyo hazina uwezo wa kulijibu. Fasihi inao uwezo wa kuliuliza vizuri zaidi.

Uhakiki wa kazi tatu zilizotajwa umekwenda kwa njia zinazojulikana. Utengano imesomwa zaidi kama riwaya ya ukandamizwaji wa mwanamke, Sauti ya Dhiki kama ushairi wa kisiasa, na Vuta N'kuvute kama riwaya ya mapambano dhidi ya ukoloni. Mikabala hiyo ni sahihi, na makala haya hayakusudii kuipinga. Yanakusudia kuonesha jambo ambalo mikabala hiyo huliruka, yaani ile dakika ambayo mhusika anasimama mbele ya amri, haoni amri hiyo inamtaka nini hasa, na hata hivyo hana nafasi ya kusubiri afafanuliwe.

2.0 Neno "dhamira" na maana zake

Mwanafunzi yeyote wa fasihi ya Kiswahili hufundishwa kutafuta dhamira za kazi anayoisoma. Huandika orodha: mapenzi, ukombozi, nafasi ya mwanamke, uongozi mbaya. Katika orodha hiyo "dhamira" ni mali ya kitabu. Lakini katika Kiswahili cha kawaida, dhamira ni mali ya mtu. Kwanza ni nia au kusudio: tunasema fulani ana dhamira ya kusafiri. Pili ni ile sauti ya ndani inayomsuta mtu au kumridhisha, ambayo baadhi ya waandishi huitenga kwa kuiita "dhamiri". Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, ambako linabeba maana ya kitu kilichofichwa ndani. Hata katika sarufi ya Kiarabu, neno hilohilo huitwa kiwakilishi, yaani neno linaloashiria mtu bila ya kumtaja jina.

Kwa hiyo tuna dhamira tatu: wazo kuu la kazi, nia ya mtendaji na sauti ya nafsi. Makala haya yanadai kwamba tatu hizi hazikukutana katika neno moja kwa bahati tu. Mhakiki anayetafuta wazo kuu, hakimu anayetafuta nia ya mshitakiwa, na mtu anayejihoji usiku, wote watatu wanajaribu kusoma kitu kilichofichwa. Tofauti yao ni kwamba makosa ya mhakiki hayamfungi mtu jela.

Wasomaji wa pwani na visiwani hawakuanza kulifikiria suala hili kwa kusoma riwaya. Watoto wengi wa Wete husoma chuoni Hadithi Arubaini zilizokusanywa na Imamu Nawawi, na ndani yake zimo hadithi mbili zinazohusu mada hii. Ya sita inaeleza kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake yapo mambo yenye kutatiza ambayo watu wengi hawayajui. Anayejiepusha nayo huwa ameilinda dini yake na heshima yake. Ya ishirini na saba inamhusu Wabisa, aliyekwenda kuuliza juu ya wema na dhambi, akaelekezwa auulize moyo wake hata kama watu watampa fatwa. Zikisomwa pamoja, hadithi hizi zinaonekana kumuelekeza mtu pande mbili. Moja inamtaka ajiepushe na lisilo wazi, nyengine inamtaka ausikilize moyo wake ndipo aamue. Wanazuoni wana namna zao za kuzipatanisha, na hapa si mahali pa kuingia katika mjadala wao. Linalotuhusu ni kwamba msomaji wa Kiswahili anayekutana na wahusika wa riwaya hizi tayari anazo mizani mbili mkononi, na kwamba mizani ya kujiepusha ina kikomo. Yapo mazingira ambayo kujiepusha nako ni kitendo chenye madhara.

3.0 Mkunga mlangoni: Utengano

Katika Utengano, Bwana Maksuudi ni mtu mwenye mali na jina, anayeitawala nyumba yake kwa amri ya utawa. Mkewe Tamima na binti yake Maimuna hawatoki, na watu hawaingii. Nje ya nyumba hiyo Maksuudi ana maisha mengine yasiyo na utawa wowote. Tamima anashikwa na uchungu wakati mume hayupo. Kwa msaada wa Biti Kocho, mtumishi wa nyumba, mkunga Farashuu anaingia na kumzalisha. Maksuudi anaporudi na kujua kwamba amri yake imevunjwa, anampa Tamima talaka.

Usomaji wa haraka unaiona hapa sheria iliyo wazi na uvunjaji ulio wazi. Mtafiti anaona vyengine. Amri ya Maksuudi ilitolewa kwa jina la stara na heshima. Stara inamlinda mwanamke, na mwanamke aliyekufa kwa kukosa mkunga hana tena cha kustiriwa. Wanawake waliomo ndani walitakiwa kuamua kama amri iliyotolewa kwa jina la kuwalinda inaweza kusomwa kuwa inawaacha wafe. Ndani ya maadili ambayo Maksuudi mwenyewe anajinasibisha nayo kuna kanuni mashuhuri ya fikihi kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Kwa hiyo Biti Kocho na Farashuu hawakuwa wakiyapinga maadili ya jamii yao. Walikuwa wakiyasoma kwa usahihi zaidi kuliko mwenye nyumba. Kosa la Maksuudi ni la usomaji: ameshikilia herufi ya amri, na amesahau ilitungwa kwa ajili ya nani.

Kama riwaya ingeishia hapo, Farashuu angekuwa kielelezo safi cha dhamiri. Said Ahmed Mohamed hakumwacha hivyo. Farashuu ana kisasi na Maksuudi, kinachotokana na maafa ya Rukia, wa damu yake. Anapovuka kizingiti cha nyumba ile, anaingia na mambo mawili kwa pamoja: ujuzi wa kuokoa uhai na jeraha linalotaka kulipwa. Mkono mmoja unampokea mtoto, na nyumba ya adui inatikisika papo hapo. Je, alitenda kwa dhamiri au kwa kisasi? Riwaya haitupi jibu la moja kwa moja, na ugumu huu ndio unaomfanya Farashuu awe mhusika mwenye uzito. Mtu anayetenda jema pale sheria inapokuwa na giza mara nyingi huwa hajui mwenyewe ni sauti ipi iliyomsukuma.

Jambo linalofuata ndilo lenye uzito zaidi katika usomaji huu. Gharama ya kitendo cha Farashuu haikumwangukia Farashuu. Ilimwangukia Tamima, aliyeachwa akiwa mzazi, na baada yake Maimuna, ambaye anaondoka katika nyumba ya baba na kuingia katika maisha ya danguro na vilabu. Farashuu alifanya lililopaswa kufanywa usiku ule, na mtafiti hasiti kulisema hilo. Hata hivyo riwaya inatuonesha kwamba usahihi wa kitendo haufuti deni lake. Aliyelivunja katazo alirudi kwake, na aliyeokolewa ndiye aliyelipa. Hapa ndipo jibu la bibi wa mtafiti linapopungukiwa. Ni kweli uchungu haungoji ruhusa, lakini baada ya uchungu kupita mume hurudi, na mkunga huwa keshaondoka.

4.0 Mshairi mbele ya sheria inayosoma nia: Sauti ya Dhiki

Kwa Abdilatif Abdalla, amri inayohusika haikutoka kwa mwenye nyumba bali kwa dola. Mwaka 1968, nchini Kenya, chama cha upinzani cha KPU, kilichoundwa mwaka 1966, kilikuwa bado chama halali. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka huo, idadi kubwa ya wagombea wake ilienguliwa kwa madai kwamba fomu zao hazikujazwa sawasawa. Baada ya hapo kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka ishirini na miwili aliandika karatasi iliyoitwa "Kenya: Twendapi?" Alikamatwa, akashitakiwa kwa uchochezi, na akatumikia kifungo cha miaka mitatu hadi 1972, sehemu kubwa akiwa katika upweke. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Sheria ya uchochezi ambayo makoloni ya Uingereza yaliirithisha kwa nchi huru ni mfano mzuri wa sheria isiyo wazi. Mhimili wake ni "nia ya uchochezi": nia ya kuwafanya watu waichukie au waidharau serikali, au ya kuamsha chuki miongoni mwao. Sheria hiyohiyo humruhusu mtu kuonesha makosa ya serikali kwa lengo la kuyarekebisha. Mwandishi anayeuliza taifa linakwenda wapi anasimama baina ya vifungu hivyo viwili, na hakuna kipimo cha nje kinachoweza kumwambia yuko upande gani mpaka hakimu atakapotamka. Kenya iliviondoa vifungu hivyo vya uchochezi katika sheria zake mwaka 1997, miaka ishirini na minane baada ya mshairi huyu kuhukumiwa.

Maana tatu za dhamira zinakutana hapa. Dola ilidai kuisoma dhamira ya mwandishi kwa maana ya nia yake. Mshairi alijibu kwa kuifichua dhamira yake kwa maana ya sauti ya nafsi. Sisi wahakiki tunakuja baadaye kutafuta dhamira za diwani kwa maana ya mawazo makuu, na mara nyingi tunaandika "uongozi mbaya" na kufunga daftari. Lakini mashairi kama "Kuno Kunena", "N'shishiyelo ni lilo" na "Siwati" hayashughuliki sana na uongozi. Yanashughulika na mtu anayejihoji kama alilosema lilistahili kusemwa, na kama anaweza kuendelea kulishika baada ya kuona bei yake. Katika "Kuno Kunena" swali linahusu kunena kwenyewe: imekuwaje kusema kukageuka kuwa kufuli? Katika "N'shishiyelo ni lilo" na "Siwati" swali limekwisha, na kinachosikika ni msimamo wa mtu aliyejikagua na asione sababu ya kuacha. Kwa mtazamo wa makala haya, umbali baina ya swali hilo na msimamo huo ndio uzito wa diwani.

Umbo la mashairi nalo linahusika. Abdilatif ametunga kwa Kimvita na kwa bahari za mapokeo, kwa vina na mizani. Mtu ambaye sheria ya dola imemwelemea kwa utata wake amechagua kusema kwa sheria nyengine, ya arudhi, ambayo iko wazi na ambayo ameikubali kwa hiari. Ingekuwa rahisi kufikiri kwamba anayefuata dhamiri yake huzikataa kanuni zote. Sauti ya Dhiki inaonesha kinyume chake. Mshairi hakukimbia kanuni. Alikataa kanuni isiyojulikana mipaka yake.

Kinachomtenganisha mshairi huyu na Farashuu ni mahali gharama ilipoangukia. Karatasi ilikuwa yake na miaka mitatu ilikuwa yake. Bila shaka kifungo cha mtu mmoja huwaumiza na walio nyumbani, na diwani yenyewe haifichi majonzi ya kutengana na watu wake. Lakini hakuna mtu aliyewekwa mbele yake apokee pigo kwa niaba yake.

5.0 Mtu asiye na itikadi: Yasmin wa Vuta N'kuvute

Mifano miwili ya juu inahusu watu wenye sababu nzito: mkunga mwenye taaluma na jeraha, na mshairi mwenye imani ya kisiasa. Vuta N'kuvute inatupa mtu wa kawaida zaidi. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Zanzibar ya zama za ukoloni, aliyeozwa mume mkubwa kwake sana, Raza, ndoa ambayo hakuitaka. Anapoikimbia, jamaa zake wanamfungia milango, na anapata hifadhi kwa Mwajuma, mwanamke Mswahili wa ng'ambo. Huko anakutana na Denge, kijana anayeshiriki katika harakati za siri dhidi ya ukoloni, na mapenzi yanazaliwa. Polisi wa kikoloni, wakiongozwa na Inspekta Wright, wanaona katika mapenzi hayo njia ya kumfikia Denge. Yasmin anatakiwa awe jicho lao.

Kwa sheria ya wakati ule, kuisaidia polisi ni wajibu wa raia mwema. Kwa mila za jamaa zake, hana tena jamaa wa kumshauri. Kwa harakati za kina Denge, yeye si mwanachama, na siasa kwake ni jambo linalomnyang'anya mpenzi wake usiku. Hakuna kanuni hata moja kati ya hizo tatu inayomwambia afanye nini kwa namna inayomridhisha. Anakataa. Riwaya haimpi hotuba ya kuhalalisha kukataa huko. Alichonacho ni uaminifu kwa mtu aliyemwamini, na kinyaa cha kugeuza mapenzi kuwa mtego.

Wahakiki wanaoisoma riwaya hii kwa jicho la ukombozi pekee humpa Yasmin nafasi ya pembeni, kwa kuwa hajafikia mwamko wa kisiasa wa Denge. Mtafiti anaona kinyume. Denge anajua kwa nini anahatarisha maisha yake, na itikadi yake imekwisha kumwandalia majibu. Yasmin hana majibu ya namna hiyo. Hivyo kwa mada tunayoichunguza, yeye ndiye mhusika mwenye mtihani mgumu zaidi: hakutegemea nadharia wala sheria wala ukoo, na bado hakumuuza mtu.

Baadhi ya wahakiki wangeliita jambo hili udhanaishi, na ulinganisho huo una faida yake. Jean-Paul Sartre, katika mhadhara wake wa mwaka 1945 mjini Paris, alisimulia habari za mwanafunzi aliyemwendea kwa ushauri wakati wa vita: abaki na mama yake aliyekuwa hana mwengine, au aende kujiunga na wapiganaji? Sartre alishikilia kwamba hakuna kanuni iliyoweza kumuamulia, na kwamba alipaswa kuchagua mwenyewe. Yasmin angeweza kusimama pamoja na kijana huyo. Hata hivyo ipo tofauti. Mwanafunzi wa Sartre anaamua katika upweke wa fikra, ilhali Yasmin anaamua akiwa ndani ya chumba cha Mwajuma, akila chakula cha Mwajuma, akiwa amekwisha kufunzwa na ukarimu wa mtu asiye wa kabila lake kwamba kuna hifadhi isiyoandikwa popote. Katika riwaya hii dhamiri inafundishika, na mwalimu wake ni ujirani.

6.0 Hatari ya kila mtu kuwa hakimu wa nafsi yake

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hizi linajulikana. Kama kila mtu atafuata nafsi yake pale anapoona sheria haiko wazi, watu watajifunza kuiona kila sheria haiko wazi. Maksuudi naye angeweza kudai kwamba alitoa talaka kwa kufuata dhamiri yake. Koplo Matata, askari msumbufu wa Vuta N'kuvute, angeweza kudai kwamba alikuwa akitimiza wajibu. Wapemba wanaijua hoja hii kwa mfano wa karafuu. Sheria inamtaka mkulima auze karafuu zake kwa shirika la umma, na ipo miaka ambayo wengi walizivusha kwa magendo kwenda Kenya kwa sababu bei ya ng'ambo ilikuwa bora. Wapo waliosema mti ni wangu na jasho ni langu. Lakini sheria ile, iwe ya haki au isiyo ya haki, haikuwa na utata. Kuiita "isiyo wazi" ni kujipa kisingizio. Anayeipinga sheria iliyo wazi ana hoja nyengine ya kuijenga, na hapaswi kujificha nyuma ya utata usiokuwepo.

Abdilatif mwenyewe aliliona tatizo hili. Katika Sauti ya Dhiki limo shairi la majibizano, "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo ndugu wawili wanagombea mnazi. Kila mmoja ana hakika kwamba mti ni haki yake, kila mmoja anazungumza kwa ufasaha, na hakuna kadhi aliyeitwa. Msomaji anayesikiliza pande zote mbili hujifunza kwamba uhakika wa moyo si ushahidi. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mtunzi aliyefungwa kwa kushikilia msimamo wake ndiye pia aliyetunga shairi linaloonesha jinsi kushikilia msimamo kunavyoweza kuwa kuvutana tu.

Kutokana na kazi zote tatu, makala haya yanapendekeza maswali matatu ambayo mhakiki anaweza kuyatumia kupima madai ya dhamiri katika kazi ya fasihi. La kwanza: je, kanuni inayohusika kweli haiko wazi, au iko wazi ila haipendezi? La pili: je, mhusika ameisoma kanuni kwa kuzingatia iliwekwa kwa ajili ya nani, kama walivyofanya wanawake wa nyumba ya Maksuudi, au ameisoma kwa kuzingatia faida yake? La tatu: gharama inamwangukia nani? Maksuudi anashindwa katika la pili na la tatu. Ndugu wa mnazi wanashindwa katika la pili. Farashuu anafaulu katika la kwanza, anafaulu nusu katika la pili kwa sababu ya kisasi chake, na la tatu linamwacha na deni. Mshairi na Yasmin wanafaulu katika yote matatu, mmoja kwa kujua alichokuwa akikifanya, mwengine kwa kutomgeuza mtu kuwa bei.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba Utengano, Sauti ya Dhiki na Vuta N'kuvute zinaichukulia dhamiri kuwa ni usomaji. Pale amri inapokosa uwazi, mhusika analazimika kuisoma upya, na ubora wa usomaji wake hupimwa kwa nani anayelindwa na nani anayelipa. Yameonesha pia kwamba neno letu la kihakiki, dhamira, linapaswa kurejeshewa maana zake nyengine. Mwanafunzi anayeandika "dhamira ya riwaya hii ni nafasi ya mwanamke" hajakosea, lakini hajafika. Angepaswa kuuliza pia: nani katika riwaya hii alikuwa na dhamira, nani alidai kuisoma dhamira ya mwengine, na kwa haki gani?

Utafiti huu una mipaka yake. Umechunguza kazi tatu tu, na zote zimeandikwa na wanaume. Namna waandishi wanawake wa Kiswahili wanavyomsawiri mkunga, mtumishi na mke aliyeachwa inahitaji uchunguzi wake wenyewe, na inawezekana kabisa kwamba swali la gharama lingeulizwa mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Mtafiti anakusudia kuendelea na njia hiyo katika sura zinazofuata za tasnifu.

Kuhusu bibi aliyetajwa mwanzoni, ipo sehemu ya habari ile ambayo mtafiti aliisikia baadaye sana, kutoka kwa mama yake. Asubuhi baada ya uzazi bibi hakurudi nyumbani. Alikaa katika nyumba ile siku tatu, mpaka mwenyewe aliporudi kutoka safari, na alipoingia akamkuta amekaa barazani. Alimwambia kwamba ni yeye aliyeingia bila idhini, kwa hiyo kama kuna la kusemwa aambiwe yeye. Mwenye nyumba, kwa mujibu wa mama, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama mtoto ni wa kiume au wa kike.